Kokoto kwa Kila Nukta

Jumatatu, 4 Machi

Watoto wanane leo barazani kwangu. Mkeka mmoja, kitabu kimoja, na kitabu chenyewe hakina jalada. Saidi mgongoni, meno yanamtoka, analia tangu alfajiri. Nimefundisha nimesimama, huku namtikisa.

Wanasoma kama wanavyosomeshwa Kurani na mama mkwe wangu, jioni, kwenye mkeka huuhuu: sauti moja, wanayumba, hawavuti pumzi mpaka ukurasa uishe. Nimewapa: "Mama Sofia ana mbuzi. Mbuzi amekula kanga ya jirani. Jirani amekasirika." Wameiimba yote, tamu kweli. Nikauliza, nani amekasirika? Wakatazamana. Petro, mtoto wa fundi vinyago wa nyumba ya nyuma, akasema mbuzi. Kwa nini mbuzi?

"Kanga haina chumvi, Mwalimu."

Nimecheka mpaka Saidi akanyamaza kunitazama.

Zuhura wangu ndiye mbaya kuliko wote. Miaka saba, yuko darasa la pili. Anasoma maneno mawili, yaliyobaki anayabuni. Anabuni vizuri sana. Kanirithi mie, na mie najijua.


Jumatano, 6 Machi

Barua ya Baba Zuhura imefika kutoka Mlimba, kwenye kazi ya reli. Mwaka wa tatu huu yuko huko, likizo kaja mara moja tu.

Utaratibu ni uleule. Barua ni ya mama yake, jina lake ndilo liko juu ya bahasha. Mie napiga magoti, nafungua, namsomea. Nikimaliza naikunja, naye anaitia kashani. Ufunguo anaufunga kwenye pindo la kanga. Akitaka kujibu, anasema yeye, naandika mie. Mume wangu hajawahi kuniandikia barua mie.

Leo mistari mitatu. Mzima. Kazi nyingi. Shati la Saidi litakuja na mtu. Wasalaam.

Nikaongeza kama kawaida: "Mama, usiache kuniombea dua. Nakukumbuka kila asubuhi."

Hayo hayamo. Hayajawahi kuwamo. Nilianza na barua ya kwanza kabisa. Ilikwisha, nikainua macho, nikamwona bado anangoja, mdomo wazi kidogo kama mtoto. Nikampa kitu. Sasa kila barua ikifika husema, "Rudia pale mwisho." Nikirudia huinuka, hutia udhu, huswali rakaa mbili kwa ajili ya mwanawe.

Najiambia ni wema tu.


Jumatatu, 11 Machi

Nimepata dawa. Nimeokota kokoto barabarani, nimezimwaga mkekani, katikati nimeweka kifuu cha nazi. Msomaji akifika kwenye nukta, anyamaze, aokote kokoto, aitie kifuuni. Ikilia, ndipo aendelee. Kwenye mkato anavuta pumzi tu. Kwenye alama ya kuuliza anainua kichwa, amtazame mwenzake kama anayetaka kujibiwa.

Fujo mwanzoni. Binti mmoja, Tatu, alitia kokoto tatu kwa nukta moja. Petro akaanza kuziiba.

Lakini leo Zuhura amefika kwenye nukta, akasimama, akaisikiliza kokoto, akasema peke yake bila kuulizwa, "Kumbe mbuzi alikuwa na njaa." Nimempa kipande cha muhogo mbele ya wenzake. Sio haki, najua.


Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Foleni ya unga tangu saa kumi na mbili, na unga wenyewe ule wa njano wa msaada. Saidi ana homa. Nimerudi nimeloa, nikakuta mama mkwe ananisubiri mlangoni.

Hapendi kuuliza-uliza kwangu. Kwake mtoto anahifadhi kwanza, maana ataijua akikua. "Unawahoji kama polisi, Mama Zuhura. Mtoto atazoea kuhoji wakubwa." Watoto wake wana adabu kuliko wangu, hilo kweli. Yeye alihitimu msahafu wote akiwa na miaka kumi na miwili. Balozi wa nyumba kumi alipokuja kumwandikisha kisomo cha watu wazima, alimwambia, "Mie nisome nini tena, baba? Nishasoma."

Mie nina darasa la nane, la Lindi. Nilipoolewa vitabu vyangu mama yangu alifungia bisi za kuuza. Nimefika hapa Temeke na sanduku moja. Tangu hapo ni chumba hiki, jiko hili, baraza hili. Kutoka kitandani mpaka kisimani ni hatua arobaini. Nimezihesabu.


Jumatatu, 25 Machi

Nimechana kurasa mbili kabla ya hii.

Mwalimu mkuu wa shule amekuja na mkaguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani. Balozi ndiye aliyewaambia habari zangu. Shule imejaa hadi madirishani, watoto wanaingia kwa zamu mbili, walimu hawatoshi. Mkaguzi alikaa mkekani, miguu kaikunja. Akamwambia Petro asome. Petro alisoma, nukta zote kokoto ikalia. Mkaguzi akamuuliza maana. Petro akajibu, tena akaongeza mbuzi alistahili kufungwa.

Aliniita pembeni. Kuna kozi ya walimu wasaidizi, Bagamoyo, miezi mitatu, kulala hukohuko. Inaanza tarehe mbili Mei. Ukirudi unapewa darasa na mshahara. Masharti mawili. Mtoto wa kunyonya haruhusiwi. Na barua ya mume ya ruhusa.

Nimeitazama ile fomu mpaka maneno yakacheza. Nataka. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nizaliwe. Halafu Saidi akaamka, akafungua mwenyewe vifungo vya gauni langu, akanyonya.


Jumanne, 26 Machi

Nimemwambia mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Lete kalamu."

Akasema, nikaandika. Mkeo anataka kwenda Bagamoyo miezi mitatu. Mimi sikubali. Nani atanipikia, magoti yangu unayajua. Nani atakaa na mtoto mdogo. Mwanamke aliyeolewa anatafuta nini bwenini. Mwambie atulie.

Mkono wangu, mwandiko wangu mzuri, maneno ya kunifunga mwenyewe. Nilifika kwenye "sikubali." Ningeweza kuandika "nakubali," asingejua. Hakuna mwingine wa kumsomea. Kalamu ilisimama. Akauliza, "Umefika wapi?"

Asubuhi nilimfinya Tatu sikio kwa kusoma kisichoandikwa. Nikaandika "sikubali." Nikatia nukta. Nimeipeleka posta mwenyewe, kwa miguu.

Mkweli wa leo tu. Zile barua nyingine zote?


Jumatano, 3 Aprili

Shule imekichukua kitabu chao walichoniazima, kuna darasa halina kabisa. Nimefundisha kwa kuchora mchangani. Mvua ikafuta.

Mama mkwe aliona. Akaingia ndani, nikasikia kasha linafunguka. Akatoka na bahasha zote za mwanawe, zimefungwa kwa uzi mwekundu.

"Wasome hizi. Za mtu anayefanya kazi. Siyo mbuzi na kanga."

Maskini, alikuwa anajivuna. Anataka watoto wa mtaa mzima wamsikie mwanawe. Nikasema mwandiko wake mgumu kwa watoto. Akasema Zuhura ataweza, ni damu yake. Nikasema basi nichague zilizo rahisi. "Kuchagua za nini? Zote nzuri."

Kesho, amesema. Yeye mwenyewe atakaa asikilize.

Sijala. Nimefikiria kusema naumwa, nimefikiria kuzimwagia maji ya mchuzi kwa bahati mbaya. Nimefikiria kumfundisha Zuhura yale maneno ya mwisho ayahifadhi. Hilo la mwisho limenitia haya kuliko yote. Mwezi mzima nampigania aache kubuni.


Alhamisi, 4 Aprili

Imetokea.

Mama mkwe alivaa kanga mpya. Akaketi kwenye kigoda, fimbo yake ya chuo cha Kurani mapajani. Watoto wanane wametulia kama yeye ndiye mkaguzi. Zuhura akasimama katikati. Akasoma pole pole, wazi, kama nilivyomfundisha. Mzima. Kokoto. Kazi nyingi. Kokoto. Shati. Kokoto. Wasalaam. Kokoto. Akakunja barua.

"Endelea, mjukuu wangu."

"Imeisha, Bibi."

"Bado pale mwisho. Pa dua."

Zuhura akaifungua tena. Akaigeuza nyuma. Mtoto alitafuta kweli. Halafu akamwonyesha kwa kidole. "Imeisha, Bibi. Hapa pana nukta."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akachukua barua nyingine, akampa. Halafu nyingine. Zuhura amesoma kumi na moja. Katikati aliniangalia mara moja, akaona kuna jambo, angeweza kubuni. Hakubuni. Kila barua kokoto ya mwisho ililia palepale, kwenye Wasalaam.

Nilikuwa nimesimama na Saidi mgongoni. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma.

Mama mkwe amezifunga kwa uzi. Ameingia ndani. Hakupiga kelele. Nilitamani apige kelele.


Ijumaa, 5 Aprili

Ameniita Mwajuma. Sio Mama Zuhura. "Mwajuma, maji ya kunywa yamekwisha." Miaka saba sijaitwa hivyo humu ndani.


Jumatatu, 8 Aprili

Leo amesema. Nilikuwa natwanga kisamvu, akasimama nyuma yangu.

"Rakaa zangu zile nilimswalia nani?"

Nikamwambia Mungu alizipokea, mwanao ni mzima. Akasema hilo analijua, hakuuliza hilo. Akasema, "Nilimwambia hata dada yangu. Nilimwambia mwanangu ananikumbuka kila asubuhi. Kumbe ni wewe uliyekuwa ukinikumbuka."

Kaniacha na mchi mkononi. Sijui kama lilikuwa tusi.

Barua sizigusi tena. Amri. Ikija, Zuhura ndiye atasoma.

Hili daftari zamani ningeliacha hata juu ya kinu. Nani humu angelisoma? Sasa nalificha ndani ya pipa la mchele tupu. Nimemfundisha binti yangu kusoma, sasa naogopa macho yake.


Jumatatu, 22 Aprili

Jibu limefika. Nilimwona mtu wa posta tangu kwenye kona. Nikabaki uani, nafua, mlango wazi. Sikukatazwa kusikia.

Zuhura akasoma. Mama, salaam. Shati limefika? Akainua kichwa akamtazama bibi yake, kama sheria inavyotaka kwenye alama ya kuuliza. Mama mkwe akajibu, "Limefika." Akaijibu karatasi!

Halafu: "Habari ya Mwajuma nimeisikia. Mimi niko mbali. Uamuzi ni wako. Wasalaam."

Kokoto ya mwisho. Nguo imenidondoka majini.

Mama mkwe akauliza, "Amesema nini?" Swali langu, lile la polisi.

"Baba amesema hajui. Amekuachia wewe, Bibi."

"Na dua?"

"Hakuna, Bibi."

Nimekasirika hadi meno yanauma. Sio na mama mkwe. Na yeye, huko Mlimba. Mstari mmoja, katuachia jiko lote tugombane. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Neno moja tu ningelishika.

Nimemuuliza mama mkwe jioni. Magoti chini, shikamoo, kila kitu. Akasema hajaamua. Akasema haamui kwa barua aliyosomewa na mtoto wa mtu mwenye kesi.


Jumatatu, 29 Aprili

Bado hajaamua. Mwalimu mkuu amepita, kasimama barabarani, hakutaka kuingia. Alhamisi, saa moja asubuhi, gari litakuwa shuleni. Nimemwachisha Saidi mchana, analala nimempa uji. Kifua kinauma kama jipu. Jioni alilia sana, nikampa.


Alhamisi, 2 Mei

Gari limeondoka. Nilikuwa nafua. Lilipiga honi mara mbili, nikaendelea kufua.


Ijumaa, 3 Mei

Sikufundisha. Watoto walikuja, nikawaambia mwalimu anaumwa. Petro akauliza anaumwa wapi. Nikamwambia nenda kwenu.


Jumapili, 5 Mei

Nimechukia kila kitu. Kinu. Mkeka. Harufu ya unga wa njano. Zuhura ananisogelea na makaratasi ya matangazo aliyookota, anataka nimsikilize, nami namsukuma kwa kiwiko. Halafu namwita, namsuka nywele kwa kubana sana, analia, nalia.

Alasiri mama mkwe akaja uani. Kashika kifuu cha nazi na kokoto zake. Akakaa chini, magoti yakalia. Akaviweka kati yetu.

"Wewe sikuamini tena, Mwajuma. Nifundishe."

Sikuelewa. Akarudia kama anayemwambia kiziwi. Anataka kusoma barua za mwanawe mwenyewe, kwa macho yake. Hataki mimi, hataki mtoto. "Siku nikiisoma ile barua ya uamuzi mwenyewe, ndipo nitaamua. Kabla ya hapo simsikilizi mtu."

Nikamwambia kozi nyingine ni Agosti, mwalimu mkuu alisema. Akasema basi Agosti si mbali, tuanze.


Jumatatu, 20 Mei

Anakaa mwisho wa mkeka, nyuma ya Tatu. Fimbo yake kaiacha ndani, mwenyewe tu kaona haifai.

Mkono wake unataka kuanzia kulia. Miaka hamsini umeanzia kulia. Leo kalifungua daftari kwa nyuma, kaweka kidole ukingoni, kaanza kusoma neno la mwisho. Petro akacheka. "Cheka, mla kanga," akamwambia, na watoto wote wakaanguka kwa kicheko. Jina hilo halitamtoka tena.

Herufi anazishika haraka kuliko watoto. Lakini akiziunga zikawa sentensi, anaanza kuyumba, sauti inapanda, inakuwa tilawa ya Kurani. Namgusa goti. Hapa pumzika, Mama. Anakasirika. Anapumzika.

Ni mgumu kumfundisha. Ni mgumu kumchukia, akiwa na chaki puani.


Alhamisi, 6 Juni

Amesoma kibao cha duka la ushirika. Peke yake, akiwa kwenye foleni, kwa sauti. "U-nga ha-ku-na." Akanigeukia. "Tumesimama hapa tangu asubuhi na imeandikwa!" Foleni yote ikacheka, naye akacheka. Nimemwona meno ya nyuma kwa mara ya kwanza.

Ameniita Mama Zuhura. Kapitiwa, nadhani. Hakujirekebisha.


Ijumaa, 14 Juni

Baada ya swala ya adhuhuri. Watoto wako shule. Saidi kalala. Nimechuma mchicha, nimekaa kizingitini nauchambua.

Mama mkwe ametoka na bahasha moja. Akakaa mkekani. Kokoto kulia, kifuu kushoto. Hakuniita wala hakunifukuza.

Alisoma pale pa shati, pole pole. Kwenye alama ya kuuliza akainua kichwa, akanitazama mie. Akashuka mstari. Ha-ba-ri ya Mwa-ju-ma. Kokoto. Mi-mi ni-ko mba-li. Kokoto. Kisha akakaa muda mrefu kidole kikiwa palepale. U-a-mu-zi. Ni wa-ko. Akarudi nyuma, akaisoma tena, sasa bila kuikata, kwa sauti yake ya kawaida ya kuongea.

"Uamuzi ni wako."

Akaokota kokoto. Akaitia kifuuni.

Sikumuuliza amesema nini.

Mchicha wote nimeuchambua, hata mabua. Yeye ameikunja barua, amekaa nayo mapajani. Ndege juu ya bati. Mwishowe akasema, kama anayezungumzia chumvi, "Huyu mtoto aachishwe ziwa. Atalala na mie. Tuanze leo, Agosti haiko mbali."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akaomba kalamu. Nikaandika anavyosema. Mwanangu, salaam. Barua yako nimeisoma mwenyewe. Mkeo atakwenda Bagamoyo, ulete barua ya ruhusa. Ujiandae kunipa salamu ndefu, sasa naziona. Nakuombea dua kila asubuhi, hata usipoomba.

Nilikuwa natia nukta, akanishika mkono. Akaichukua kalamu. Akaitia yeye, kwa nguvu zake zote, karatasi ikatoboka.

Nimeiacha hivyohivyo.